Kumuenzi Bi Kidude kwa piano peke yake: kwa nini inageuka muziki wa hotelini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Lindi mjini, napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisani mwaka wa saba sasa, na jazi nimejifunza kwa kusikiliza. Nataka kurekodi albamu ya piano tupu, bila ngoma wala gitaa, kumuenzi Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Nina kinanda cha vibonye 61, na ukumbini kwetu kuna piano ya zamani ya kusimama ambayo fundi hajaigusa muda mrefu. Nimeshajirekodi nyimbo nne. Noti ni sahihi na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nimezipanga vizuri, lakini kila anayesikiliza ananiambia inafanana na muziki wa hotelini. Nakosea wapi? Na nirekodi kwa chombo kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wanaokwambia hivyo masikio yao ni mazima, usiwakasirikie. Ulichorekodi ni lahani za nyimbo zake, na lahani za Bi Kidude ukizivua sauti yake hubaki nyepesi sana: noti tano, sita, zinapanda na kushuka. Kilichowafanya watu waache shughuli zao wamsikilize ni namna alivyoyabeba maneno, alipovuta pumzi, na ngoma aliyokuwa nayo mwilini hata alipoimba bila ngoma. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo, Unguja, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alizipokea nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyemtangulia, na akaziimba kwa sauti nzito ya chini yenye mikwaruzo. Alikuwa pia kungwi na mpigaji wa ngoma za unyago. Mambo hayo matatu, yaani maneno, sauti ya chini na ngoma, ndiyo piano yako inayotakiwa kuyasema.

Anza na maneno, na hapa usiharakishe. Kabla hujagusa kibonye, andika beti zote za wimbo kwa mkono wako, uzikariri, uziimbe ukitembea. Nyimbo nyingi za taarabu ya zamani zina mishororo ya mizani 16, nane katika ukwapi (nusu ya kwanza) na nane katika utao (nusu ya pili). Nakutungia mshororo wa mfano:

Pwani ya Lindi naketi, mashua yaja na kusi.

Uimbe kwa lahani yoyote. Utasikia uzito unaangukia KE katika "naketi" na KU katika "kusi", kwa sababu Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi za mwisho, "ti" na "si", hutoka laini, karibu na pumzi tupu. Sasa sikiliza ulivyojirekodi. Nakuhakikishia noti ya mwisho ya kila kifungu umeipiga kwa nguvu sawa na zilizotangulia, au kwa nguvu zaidi, kwa sababu ndiyo noti ya nyumbani na ndipo kodi yako nzuri ilipokaa. Hapo ndipo hoteli inapoingia. Msikilizaji Mswahili anasikia "nake-TI, ku-SI", na hata asipojua kosa liko wapi, anajua kuwa anayesema si mtu wa kwao.

Dawa yake ni zoezi la wiki mbili. Piga lahani kwa kidole kimoja tu, bila mkono wa kushoto, huku ukitamka maneno kwa sauti. Noti ya KE ipate uzito wa mkono mzima, noti ya TI iguswe na ncha ya kidole na kuachiwa mapema. Kwenye mkato, baada ya mizani ya nane, inua mkono na inua mguu kwenye pedali. Kimya hicho cha nusu sekunde ni pumzi ya mwimbaji, usikijaze. Kinanda chako kikiweza kuhifadhi midi (kumbukumbu ya vibonye ulivyobonyeza), angalia namba za nguvu ya mguso, ambazo huishia 127: silabi yenye mkazo iwe kati ya 75 na 85, ya mwisho kati ya 35 na 45. Ukiona zote ziko kwenye 70, umeshajua ugonjwa wako.

La pili ni mahali unapoiweka lahani kwenye piano. Wapigaji wengi huipeleka kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia, oktavu moja au mbili juu ya C ya kati, kwa sababu huko inasikika bila shida. Huko piano inang'aa kama vijiko kwenye sahani za kioo. Sauti ya Bi Kidude haikai huko. Ishushe: lahani itembee kati ya F iliyo chini ya C ya kati na C iliyo oktavu moja juu ya C ya kati, na mara nyingi ibaki kwenye nusu ya chini ya eneo hilo. Chagua ki (noti ya nyumbani ya wimbo) kwa kigezo hicho, usichague kwa urahisi wa vidole. Utajikuta lahani inapigwa na kidole gumba, mara cha kulia mara cha kushoto, huku besi ikiwa chini yake na kodi nyepesi juu yake, kwenye vidole vya tatu, vya nne na vya tano vya mkono wa kulia. Ni vigumu mwanzoni, kwa sababu kidole gumba ni kizito na vidole vya juu vinataka kuongoza. Fanya mazoezi haya: piga vidole vya juu bila kutoa sauti, yaani gusa tu vibonye, huku gumba likiimba. Siku ya tano au ya sita ndipo uanze kuviruhusu visikike kidogo. Kwa watu wa kwaya nitasema hivi: sauti ya tatu ndiyo inayoimba wimbo, sauti ya kwanza inaitikia kwa mbali.

Kisha kuna tatizo la asili la chombo chenyewe. Koo huvuta noti na kuizidisha nguvu katikati. Piano ukishagonga, sauti inaanza kufa papo hapo. Mahali Bi Kidude alipovuta silabi moja kwa sekunde nne, wewe una njia nne. Unaweza kuigonga tena polepole, mara mbili au tatu, kila mara kwa nguvu kidogo zaidi, kama mpigaji wa ganuni anavyofanya ili uzi wake usizimike. Unaweza kuiacha noti ife huku sauti ya ndani ikisogea chini yake, mfano A inashuka kuwa A fleti kisha G, na sikio likadhani kuwa noti ya juu ndiyo iliyosogea. Unaweza kutetemesha oktavu, lakini mara moja tu kwa wimbo, maana ikizidi inachosha. Na unaweza kuiacha ife kabisa, ukasubiri. Njia hii ya mwisho ndiyo inayoogopwa zaidi, na kwa nyimbo hizi ndiyo ninayoipenda, mradi umehesabu mapigo kimoyomoyo na mguu wako haujayumba.

Kuhusu sauti zilizo katikati ya vibonye. Taarabu imebeba maqamu, yaani ngazi za noti, kutoka Misri na Uarabuni, na baadhi yake hayamo kwenye piano. Rast ina noti ya tatu iliyo kati ya E na E fleti ukianzia C. Bayati ikianzia D, noti yake ya pili iko hapohapo kati ya E fleti na E. Usilazimishe upande mmoja na kujifanya tatizo halipo. Piga E fleti na E kwa pamoja, E fleti kwa wepesi sana, kisha uiachie mara moja na E ibaki. Sikio hupokea mchubuko, kama wa koo linalopanda kuelekea noti. Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani, alizipinda noti za piano kwa kugandamiza vibonye jirani namna hiyo, kwa hiyo hutakuwa umetoka nje ya jazi hata hatua moja. Usifanye zaidi ya mara moja kwa mshororo.

Maqamu ya Hijaz kwa upande wake inapigika yote: D, E fleti, F shapu, G, A, B fleti, C. Na hapa kuna kosa la kiufundi ambalo naamini umelifanya, kwa sababu mtu wa kwaya hulifanya bila kufikiri. Unataka kurudi nyumbani kwenye D, mkono unakwenda wenyewe kwenye kodi ya A ya saba. Kodi hiyo ina C shapu na E, na lahani yako ina C na E fleti. Vinagombana, na ili kuuficha ugomvi unaanza kubadilisha lahani. Tumia kodi ya E fleti kubwa ikishuka kwenye D, au ya C ndogo ukiwa umeishikilia D kwenye besi. Noti zote hizo zimo ndani ya Hijaz yenyewe, na mshuko wa nusu hatua kutoka E fleti kwenda D unatosha kumpeleka msikilizaji nyumbani.

Nikizungumzia kodi, punguza. Jazi unayoitaka wewe si ile iliyo kwenye majina ya bendi zetu za dansi kama Morogoro Jazz au Tabora Jazz, ambazo nguvu zao ziko kwenye magitaa. Ni jazi ya kodi pana zenye noti za saba na za tisa. Nyimbo za Bi Kidude zilizaliwa na sauti moja na mapigo, kodi hazikuwemo. Ukiweka kodi mpya kwa kila pigo, maneno yanazama. Jaribu mpango huu kwa wimbo wa beti nne. Ubeti wa kwanza: lahani tupu, mkono mmoja. Wa pili: lahani na noti mbili za chini zisizobadilika, D na A, zikipigwa mwanzoni mwa kila kifungu. Wa tatu: lahani na sauti moja ya pili inayokwenda kinyume chake, moja ikipanda nyingine ishuke. Kodi zako za jazi zingoje ubeti wa nne, na hata huko mkono wa kushoto ubebe noti mbili tu kwa wakati mmoja, ya tatu na ya saba ya kodi. Kutunga papo kwa papo nako kuwekewe mpaka: beti mbili, zenye urefu uleule wa mizani, na vituo vilevile vya pumzi. Mtu aliyekariri wimbo aweze kuufuata kimoyomoyo huku wewe ukizunguka.

Ngoma. Bi Kidude alifahamika kwa kupiga ngoma kubwa ya unyago akiwa ameipanda, imefungwa kiunoni kwa kanga. Wewe uko Lindi, kwenye nchi ya unyago wenyewe. Wamwera, Wamakonde na Wayao wanaouzunguka mji wako wanacheza hadi leo, na baada ya mavuno huhitaji kutafuta mbali. Sikiliza kinachopigwa hadharani. Ya ndani ni ya wanawake na makungwi wao, usiende na simu kurekodi. Unachotafuta ni kule kuvutana kwa tatu juu ya mbili. Kalia kiti, goti la kushoto mapigo mawili, la kulia matatu, ndani ya hesabu ya sita: moja pamoja, tatu kulia, nne kushoto, tano kulia. Ukiweza kufanya hivyo dakika tano huku ukiimba, hamishia kwenye piano: D ya chini kwenye 1, A kwenye 3, D ya juu yake kwenye 4, kimya kwenye 5 na 6. Mduara huo wa mkono wa kushoto usibadilike ubeti mzima, lahani ielee juu yake, ichelewe, iwahi, itakavyo. Mkono wa kushoto ukianza kumfuata wa kulia, ngoma imekufa. Rudi kwenye magoti. Msikilize Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini katika rekodi yake ya piano tupu ya mwaka 1969 iliyofanyika Copenhagen: mkono wa kushoto unazunguka palepale kwa dakika nyingi, na hakuna anayetamani mpiga ngoma aongezwe.

Kwa upande wa kumuenzi mwimbaji kwa piano, mtu wa kumchunguza ni Mal Waldron. Alimpigia Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, piano kuanzia 1957 hadi mwimbaji huyo alipofariki Julai 1959, na baadaye akarudi mara kwa mara kwenye nyimbo zake. Angalia uchache wake: noti chache, zinarudiwarudiwa, sehemu ya chini na ya katikati ya piano, nafasi kubwa kati ya vifungu. Billie Holiday naye hakuwa na sauti ya kupanda mbali. Yote yalikuwa kwenye kuchelewesha neno na kuliangusha mahali pasipotarajiwa. Linganisha na mpiga piano Teddy Wilson, aliyeongoza rekodi za Billie Holiday kuanzia 1935 kwa mkono wa kushoto mwepesi unaotembea. Wawili hao walimhudumia mwimbaji mmoja kwa njia mbili tofauti. Kwa sauti nzito kama ya Bi Kidude, mimi ningeegemea kwa Waldron.

Kabla ya kurekodi, fanya jaribio moja. Mtafute bibi anayezijua nyimbo hizi, mpigie bila kumtajia jina la wimbo, na angalia midomo yake. Akianza kuimba ndani ya mshororo wa kwanza, uko tayari. Akisubiri hadi kiitikio, mkazo wako bado haujakaa. Akiimba kisha akakwama, weka alama hapo alipokwama: pale umemnyima pumzi, au umeongeza kodi iliyomsukuma nje ya njia.

Sasa chombo. Rekodi kwa ile piano ya ukumbini, kama mwili wake ni mzima. Kinanda cha vibonye 61 huishia C mbili chini ya C ya kati, na besi unayoihitaji iko chini ya hapo. Tena vibonye vyake havina uzito, kwa hiyo ile tofauti ya "ke" na "ti" haitatoka vizuri. Kitumie kwa mazoezi.

Fungua ubao wa mbele wa piano kwa tochi mchana. Angalia mchwa kwenye miguu na nyuma, panya kwenye sufi za nyundo, kutu kwenye nyuzi, na ubao wa sauti kama umepasuka. Ubao ukiwa na ufa mdogo usiolia, endelea. Pini zikizunguka kwa mkono bila ukinzani, achana nayo, haitashika sauti hata siku moja. Vibonye vinavyoganda mara nyingi vimevimba kwa unyevu wa bahari tu. Usimwage mafuta ya kupikia wala ya mashine ndani, yanaganda na vumbi na kuua nyundo. Sogeza piano mbali na dirisha linaloangalia pwani, kisha weka ndani, sehemu ya chini, balbu ya wati 25 ya aina ya zamani inayotoa joto (ya LED haisaidii), iwe angalau sentimita 20 kutoka kwenye mbao na sufi, na uiache ikiwaka wiki tatu hadi nne. Vibonye vingi vitaachia vyenyewe. Ndipo umwite fundi. Ukimwita mapema, piano itakauka baada ya kuitengeneza na kazi yake itapotea.

Mwambie fundi asiilazimishe ipande hadi A ya 440 (kipimo cha kawaida cha kulinganishia vyombo) kama imeshuka sana. Nyuzi za piano zina kutu ya miaka na mvutano wake kwa jumla ni wa tani nyingi. Ukizipandisha kwa mkupuo zitakatika, na kuzipata Lindi ni kazi. Wewe uko peke yako kwenye albamu, hakuna gitaa wala filimbi ya kulingana nayo. Aiweke ilingane yenyewe kwa yenyewe hapohapo iliposhukia, hata kama ni robo tatu ya nusu toni chini. Sauti nzito inayopatikana itakufaa kuliko kukudhuru. Aje siku moja kabla ya kurekodi, na tena asubuhi ya siku yenyewe kugusa zilizokimbia.

Panga kati ya Juni na Septemba. Mvua inakuwa imekwisha, unyevu umepungua, na bati halitakupigia ngoma usiyoitaka. Kuanzia Oktoba msimu wa korosho huleta magari ya mizigo barabarani hadi usiku. Rekodi kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, kabla ya adhana na jogoo. Zima pangaboi na friji, vua viatu ili mguu usigonge pedali, kaza skrubu za benchi. Kama upepo wa kusi unavuma kwenye minazi, funga madirisha ya upande huo tu, ukumbi ukifungwa wote unageuka pipa.

Maiki mbili za kondensa zinazolingana, ubao wa mbele ukiwa umetolewa, kila moja sentimita 30 kutoka kwenye nyundo, moja upande wa besi na nyingine upande wa juu, kati yao sentimita 70. Zisikilize zikiwa zimeunganishwa kuwa moja: besi ikipotea, sogeza moja nyuma kidogo kidogo hadi irudi. Biti 24, kilohezi 48, kilele cha sauti kisipite desibeli 10 chini ya mwisho. Tumia kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, ili umeme ukikatika usipoteze ubeti. Kila wimbo upige mara tatu, si zaidi. Usisikilize usiku huohuo. Sikiliza kesho yake ukiwa na maneno mkononi, na uchague ule ambao maneno yanasomeka, hata kama una noti moja iliyoteleza.

Nyimbo nane hadi kumi, dakika tatu hadi nne na nusu kila moja, zinatosha. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, na hakuna anayelalamika kuwa zilikuwa fupi.

Mwisho, ruhusa. Kuimba wimbo si kuutunga, kwa hiyo kwa kila wimbo tafuta mtunzi wa maneno na wa lahani. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na unaanzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara. Kwa watunzi wa Zanzibar wasiliana na COSOZA, ya hakimiliki ya huko. Fanya hivyo kabla ya kurekodi, maana familia ikikataa wimbo mmoja ni rahisi kuubadilisha ukiwa bado kwenye daftari. Na kwenye jalada, chini ya jina la kila wimbo, chapisha jina la mtunzi wa maneno, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina lako.